Nukta Tatu za Dukuduku: Siri, Undugu na Kiwewe cha Kurithi katika Filamu Incendies

Utangulizi

Katika taaluma ya lugha kuna swali kongwe: je, jambo lisilosemwa lina maana? Wanaisimu wamezoea kuchunguza kilichotamkwa au kilichoandikwa, na aghalabu kimya huachiwa wanasaikolojia na washairi. Hata hivyo, wahenga wa Kiswahili walikwisha kulijibu swali hilo waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mhadhara huu unachunguza kazi moja ya sanaa iliyojengwa juu ya mshindo huo, nayo ni filamu Incendies ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Denis Villeneuve wa Quebec, Kanada.

Filamu hiyo inahusu vita, siri ya familia na maumivu ambayo wazazi huwaachia watoto wao. Wahakiki wengi wameijadili kama kazi kuhusu vita. Hoja ya mhadhara huu ni tofauti kidogo. Inadaiwa hapa kwamba kinachorithiwa katika Incendies si damu wala chuki, bali ni kimya. Na kwamba kimya hicho kinavunjwa pale tu majina ya undugu yanapowekwa mahali pake. Inadaiwa pia kwamba msamiati wa Kiswahili kuhusu wosia, undugu na maumivu ya nafsi unamwezesha msomi kuyaona mambo haya waziwazi, na kwamba filamu yenyewe inawauliza wanataaluma wa Kiswahili swali ambalo halijajibiwa vya kutosha.

Chimbuko la filamu na kisa chake

Incendies ni neno la Kifaransa lenye maana ya mioto mikubwa inayoteketeza. Kabla ya kuwa filamu, ilikuwa tamthilia ya Wajdi Mouawad iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 2003. Mouawad alizaliwa Lebanoni mwaka 1968. Familia yake iliikimbia vita, ikaishi Ufaransa, kisha ikahamia Quebec mwaka 1983. Tamthilia hiyo ni ya pili katika mfululizo wa tamthilia nne ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Damu ya Ahadi. Villeneuve alipoigeuza kuwa filamu alipunguza sana maneno ya jukwaani, akaziachia nyuso, mandhari na ukimya zieleze mengi. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2011.

Kisa kinaanzia Montréal. Nawal Marwan, mwanamke mhamiaji aliyefanya kazi ya ukatibu kwa mwanasheria mmoja kwa miaka mingi, amefariki. Mwanasheria huyo anawasomea wosia wake watoto wake pacha, Jeanne na Simon. Nawal ameagiza azikwe uchi, kifudifudi, bila jiwe wala jina juu ya kaburi. Ameacha bahasha mbili. Jeanne anatakiwa kuipeleka moja kwa baba yao, ambaye wao waliamini kuwa alikwisha kufa. Simon anatakiwa kuipeleka ya pili kwa kaka yao, ambaye hawakuwahi kusikia habari zake. Bahasha hizo zikiwafikia wenyewe, ndipo pacha watakapopewa barua yao, na ndipo kaburi litakapopata jiwe na jina.

Kuanzia hapo filamu inakwenda kwa nyakati mbili. Wakati mmoja ni wa watoto wanaotafuta; mwingine ni wa mama alipokuwa kijana katika nchi isiyotajwa jina. Nawal, binti wa familia ya Kikristo, alimpenda Wahab, kijana mkimbizi. Kaka zake Nawal walimuua Wahab. Nawal alijifungua mtoto wa kiume kwa siri, na bibi yake, kwa sindano na wino, akamchora mtoto huyo nukta tatu kwenye kisigino kabla hajapelekwa katika kituo cha yatima. Vita vilipozuka, Nawal alirudi kumtafuta mwanawe akakuta kituo kimeteketezwa. Alinusurika katika shambulio la basi ambamo abiria Waislamu waliuawa kwa risasi na moto. Baadaye alimuua kiongozi wa wanamgambo wa Kikristo, akafungwa katika gereza ambamo alijulikana kama mwanamke aimbaye, kwa kuwa aliimba ili asivunjike. Mtesaji aliyeitwa Abou Tarek alimbaka mara nyingi. Pacha walizaliwa humo gerezani.

Ukweli wa mwisho unagunduliwa na Simon. Mtoto mwenye nukta tatu aliokotwa na wapiganaji, akafunzwa kuwa mlenga shabaha, kisha akatekwa na upande wa pili na kugeuzwa mtesaji. Nihad aliyetafutwa na mama yake na Abou Tarek aliyemtesa mama huyo ni mtu mmoja. Baba na kaka ni mtu mmoja.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya tanzia ya Sophocles, iliyotolewa mwaka 1971. Jina la Edipode katika Kiyunani linahusishwa na mguu uliovimba, kwa kuwa alitobolewa miguu alipokuwa mchanga. Nihad naye ana alama mguuni. Hata hivyo, mkazo umebadilika. Katika tanzia ya Kiyunani anayetafuta ukweli ni mtenda kosa mwenyewe. Katika Incendies wanaotafuta ni watoto, yaani watu ambao hawakutenda lolote na hata hivyo wanaishi ndani ya matokeo.

Wosia kama wajibu wa kutafuta

Neno wosia, ambalo Kiswahili kililichukua kutoka Kiarabu, lina upana usiopatikana katika neno la Kifaransa linalotumiwa katika filamu. Wosia ni hati ya mirathi, lakini pia ni nasaha ambayo mzazi humwachia mwana. Maana hizi mbili hukaa pamoja bila kugombana. Mfano maarufu katika fasihi ya Kiswahili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mama yule alikuwa mgonjwa, akaona kifo kinakaribia, akaamua kumwachia binti maarifa ya kuishi: dini, adabu, ndoa na nyumba.

Ulinganishi wa wosia huu na ule wa Nawal unafundisha. Mwana Kupona anampa binti yake yale anayoyajua. Nawal anawapa watoto wake yale wasiyoyajua, tena hawapi majibu bali safari. Angeweza kuandika ukweli wote katika ukurasa mmoja. Hakufanya hivyo, kwa sababu ukweli wa namna ile ukiambiwa mtu kwa ghafla humwangukia kama jiwe. Lakini ukitafutwa hatua kwa hatua, mtafutaji hupata muda wa kumjua mama kwanza kama binti aliyependa, kisha kama mfungwa aliyeimba, na mwisho kama mtu aliyedhulumiwa. Wosia wa Nawal, kwa hiyo, ni hati ya mirathi kwa umbo na nasaha kwa kazi yake. Mhakiki anayefikiri kwa Kiswahili ana neno moja linalobeba yote mawili.

Jambo jingine la kiisimu linastahili kutajwa. Katika tamthilia wahusika husema Kifaransa, lakini filamu inatumia Kifaransa na Kiarabu. Jeanne anapofika kijijini kwa mama yake hajui lugha ya wenyeji. Anakaribishwa chai, anatafsiriwa, na jina la mama yake linapotajwa nyuso za wanawake zinabadilika. Anaiona hasira yao kabla ya kuielewa. Nawal hakuwarithisha watoto lugha yake ya kwanza. Alichowarithisha ni kimya chake, nacho walikijua vizuri tangu utotoni, kwa kuwa walilelewa ndani yake.

Majina mawili, mrejelewa mmoja

Mwaka 1892 mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege alitofautisha maana ya jina na kile kinachorejelewa na jina hilo. Mfano wake mashuhuri ni nyota ya asubuhi na nyota ya jioni. Majina ni mawili, na kila moja lina maana yake, lakini kinachorejelewa ni sayari moja, ile ambayo Waswahili huiita Zuhura. Mtu anaweza kuyajua majina yote mawili maisha yake yote bila kujua kwamba yanahusu kitu kimoja. Akijua, amepata maarifa mapya kuhusu ulimwengu, ijapokuwa msamiati wake haukuongezeka hata neno moja.

Bahasha mbili za Nawal ni mfano huo uliogeuzwa kuwa msiba. Pacha walijua maana ya baba na maana ya kaka. Hawakujua mrejelewa. Jeanne ni mwanahisabati, na si bure kwamba ugunduzi wao unaelezwa katika filamu kwa umbo la hesabu ambayo haikubaliki: moja ikijumlishwa na moja, jumla yake inabaki moja. Uchungu wa hesabu hiyo unatokana na sarufi ya undugu. Istilahi za undugu si majina ya watu bali ni majina ya mahusiano, na kila uhusiano una upande wake. Baba yuko juu ya msemaji kwa kizazi kimoja; kaka yuko naye sambamba.

Kiswahili kinajua kulipanua neno baba. Kuna baba mkubwa na baba mdogo, na mtu mzima yeyote huweza kuitwa baba kwa heshima. Vilevile neno ndugu linaenea kutoka tumbo moja hadi ukoo, na kutoka ukoo hadi taifa. Lakini upanuzi huo wote hufuata kanuni moja, kwamba vizazi havichanganywi. Kaka huweza kuchukua nafasi ya baba aliyefariki katika malezi, na watu wakasema kuwa amekuwa baba kwa wadogo zake. Hiyo ni tamathali, na uzuri wake unategemea kwamba si kweli. Katika Incendies tamathali imegeuka kuwa ukweli. Vita vimeivunja kanuni ambayo juu yake mfumo mzima wa kuitana umesimama. Ndiyo maana pacha, walipojua, hawakuwa na neno la kusema. Siri ilikuwa kubwa kuliko msamiati.

Nawal, hata hivyo, anapata njia ya kuyatenganisha majina hayo. Bahasha zote mbili zinaishia katika mikono ya mtu mmoja, ila barua ni mbili. Moja inasema na baba, yaani mtesaji. Nyingine inasema na mwana aliyepotea, na humo mama anamhakikishia upendo wake. Hachanganyi. Hamsamehe mtesaji kwa sababu ni mwanawe, wala hamkani mwanawe kwa sababu ni mtesaji. Kila uhusiano unapata barua yake.

Kiwewe, jeraha na kovu

Dhana ambayo wanasaikolojia huitumia kueleza maumivu ya nafsi yatokanayo na tukio la kutisha imetafsiriwa katika Kiswahili kwa namna kadhaa. Neno linalotumika zaidi ni kiwewe. Katika matumizi ya kawaida kiwewe ni hali ya kubabaika inayomwingia mtu ghafla kwa hofu. Mtu huingiwa na kiwewe anapokutana na simba njiani, kisha kiwewe humtoka. Kwa hiyo neno linafaa kueleza tukio, lakini halionyeshi vizuri muda. Wengine husema jeraha la nafsi, ambalo linaonyesha mahali pa maumivu na uwezekano wa tiba. Lipo pia neno la tatu ambalo wataalamu hawalitumii sana, nalo ni kovu. Wahenga wamelitumia kwa uangalifu wa kitabibu waliposema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Maneno haya matatu yanaweza kupangwa kama hatua. Kiwewe ni cha Nawal katika basi linaloungua. Jeraha ni lake katika miaka ya gereza. Kovu ni maisha yake Montréal: kazi, nyumba, watoto wawili, na ubaridi ambao watoto hao hawakuuelewa. Siku moja kwenye bwawa la kuogelea anaona kisigino chenye nukta tatu. Anapomtazama mwenye kisigino anaona uso wa mtesaji. Tangu siku hiyo hakuzungumza tena, na baada ya muda akafariki. Kovu lilikuwa halijapoa.

Je, kovu hurithiwa vipi? Mwaka 1966 daktari wa akili Vivian Rakoff wa Kanada aliandika kuhusu watoto wa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Watoto hao, waliolelewa katika usalama, walionyesha dhiki ambayo chanzo chake hakikuwa katika maisha yao wenyewe. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa fasihi Marianne Hirsch aliipa jina hali ya kizazi cha pili ya kukumbuka mambo ambayo hakikuyashuhudia, akiyapokea kupitia hadithi, picha na tabia za nyumbani. Katika miaka ya 2010 baadhi ya wanasayansi walitafuta alama za urithi huo hata katika utendaji wa chembeuri, jambo ambalo bado lina ubishi. Incendies inachukua upande wa nyumbani. Simon ana hasira kwa mama ambaye hakumkumbatia kama mama wengine. Hajui kisa, ila anajua baridi yake. Kilichomfikia si kumbukumbu, bali ni nafasi tupu ambapo kumbukumbu ilipaswa kuwa.

Kimya cha nyumba na kimya cha taifa

Filamu haitaji jina la nchi, na miji yake kama Daresh na Kfar Ryat ni ya kubuni, ingawa majina hayo yana sauti za Kiarabu. Hata hivyo, nyuma yake iko Lebanoni na vita vyake vya mwaka 1975 hadi 1990. Tarehe 13 Aprili 1975, katika kitongoji cha Ain el-Rummaneh mjini Beirut, basi lililobeba Wapalestina lilishambuliwa, na tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa vita. Mhusika Nawal ana mizizi pia katika maisha ya Souha Bechara, aliyejaribu kumuua kamanda wa wanamgambo, Antoine Lahad, mwaka 1988, akafungwa katika gereza la Khiam kusini mwa nchi hadi mwaka 1998.

Wapo wanaolaumu uamuzi wa kuficha jina la nchi, wakisema kwamba vita visivyo na mahali huonekana kama laana isiyo na wahusika wala sababu za kisiasa. Lawama hiyo ina uzito. Lakini ukimya huo wa filamu una mwenzake katika historia. Mwezi wa Agosti 1991 bunge la Lebanoni lilipitisha sheria ya msamaha wa jumla kwa makosa mengi ya wakati wa vita. Silaha zilinyamaza, na maswali nayo yakanyamazishwa. Familia za maelfu ya watu waliotoweka ziliendelea kuuliza walipo jamaa zao, na ilichukua hadi mwaka 2018 kwa sheria kupitishwa ya kuunda tume ya kuwatafuta. Kaburi la Nawal lisilo na jina, basi, si la mwanamke mmoja tu. Familia iliyonyamaza imo ndani ya taifa lililoamuliwa kunyamaza.

Swali kwa Kiswahili

Jeanne na Simon ni watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji wa kivita. Hapo ndipo filamu ya Montréal na Lebanoni inapowagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili ni lugha ya Bukavu na Goma, mashariki mwa Kongo, ambako vita vya miongo kadhaa vimeambatana na ubakaji mwingi. Ni Bukavu ambako daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na kazi yake kwa wanawake waliobakwa ilimfanya awe mmoja wa washindi wawili wa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018. Watoto waliozaliwa katika mazingira hayo wanakua. Wengi wao watauliza kwa Kiswahili baba yao ni nani, na mtu atalazimika kuwajibu kwa Kiswahili.

Je, lugha imewaandalia nini? Mwanaharamu ni neno linalompa mtoto kosa la mtu mwingine. Kitenzi kunajisi, kinachotumiwa katika baadhi ya habari na maandishi ya kisheria, kina mzizi mmoja na najisi. Hivyo anayetendewa ndiye anayebaki na uchafu kwa mujibu wa neno lenyewe, huku mtenda akienda zake msafi. Kubaka ni afadhali, kwa kuwa kinaitaja dhuluma bila kumpaka matope aliyedhulumiwa. Tofauti hii si ya watunga kamusi peke yao. Ni tofauti anayoisikia mama hospitalini, shahidi mahakamani na mtoto uani anapoitwa na wenzake. Mfasiri anayechagua kitenzi kimoja badala ya kingine ameamua aibu ikae upande gani.

Hitimisho

Katika uakifishaji wa Kiswahili, nukta tatu zinazofuatana zina jina ambalo lugha nyingi hazina. Huitwa nukta za dukuduku. Hutumika kuonyesha kwamba maneno yamekatika au yameachwa. Lakini dukuduku, kabla ya kuwa istilahi ya uandishi, ni jambo linalomkera mtu moyoni ambalo hajapata kulisema. Na kulisema ndiko kutoa dukuduku. Mouawad na Villeneuve hawakukusudia maana hiyo, kwani hawakuandika kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayezitazama nukta tatu kwenye kisigino cha Nihad anasoma alama anayoifahamu tangu shule: hapa kuna maneno yaliyoachwa.

Filamu nzima ni safari ya kuyarudisha maneno hayo. Yanaporudi, hayaponyi kila kitu. Nihad hapati msamaha mwepesi, na pacha hawapati baba wala kaka wa kujivunia. Wanachopata ni mama mwenye historia, na barua yake. Kaburi linapata jiwe, na jiwe linapata jina. Katika onyesho la mwisho mwanamume mmoja amesimama mbele ya kaburi hilo, kimya. Safari hii anajua anachokinyamazia.